Tumbusi Hapigi Mabawa: Somo la Chombo cha Mrukaji wa Mwavuli

(Maneno ya somo la redio kwa madarasa ya watu wazima. Mwalimu wa darasa awe na ubao na chaki tayari. Mahali palipoandikwa "tunanyamaza", wanafunzi waandike.)

 

Somo la leo limetoka kwenu wenyewe. Siku moja nililitembelea darasa la Ngokolo, hapa Shinyanga mjini. Ilikuwa saa 7 mchana, jua kali, nasi tulikaa chini ya mwembe kwa sababu chumbani hapakukalika. Mzee mmoja aliyekuwa akijifunza kuandika jina lake aliweka kalamu chini, akatazama juu. Tumbusi wanane walikuwa wakizunguka angani. Akaniuliza, "Mwalimu, ndege yule amekuwa akipanda tangu tulipoanza somo, wala sijamwona akipiga bawa hata mara moja. Anapandishwa na nini? Na mahali pa kupandia anapajuaje?"

Kabla sijajibu, kijana mmoja ambaye ni fundi wa redio na simu alidakia. "Na wale wanaoruka kwa mwavuli kule Iten, Kenya? Nimewaona katika simu. Wao hawana mabawa wala macho ya tumbusi. Wanajuaje?"

Nilijibu upesi upesi, tena vibaya. Nilisema, "Wana chombo." Mzee akanitazama, akasema, "Chombo si jibu, mwalimu. Jembe nalo ni chombo."

Alisema kweli. Basi leo nalipa deni lile.

Tuanze na hewa inayopanda. Kila mtu wa Shinyanga amekiona kisulisuli. Mwezi wa Septemba au Oktoba, kabla ya mvua, pamba imekwisha kuvunwa na mashina yake yamekwisha kung'olewa. Udongo uko wazi, na jua linaupiga tangu asubuhi. Ardhi ile hupata moto, na hewa inayoigusa hupata moto pia. Hewa yenye moto hutanuka. Ikitanuka huwa nyepesi kuliko hewa iliyo jirani yake. Ikiwa nyepesi hupanda, kama moshi unavyopanda kutoka mafigani. Hewa ya pembeni huingia kushika nafasi iliyoachwa, na pengine huzunguka, na kama pana vumbi na majani makavu tunakiona kisulisuli.

Lakini mara nyingi hapana vumbi, kwa hiyo hatuoni kitu. Nguzo ya hewa ipo. Inapanda mita 2, mita 3, hata mita 5 kwa kila sekunde. Nasi tunapita chini yake kwa baiskeli, hatuna habari.

Tumbusi anazo habari. Anaingia katika nguzo ile, anazunguka ndani yake, anabebwa. Akifika juu anaiacha, anateleza mbali huku akishuka polepole mpaka akute nguzo nyingine. Jirani zetu wa Serengeti walimwona mtaalamu mmoja Mwingereza, Colin Pennycuick, aliyelichunguza jambo hili mwanzoni mwa miaka ya 1970. Alitumia eropleni ndogo yenye mabawa marefu, ambayo injini yake huweza kuzimwa hewani. Akawafuata tumbusi na ndege wengine wakubwa huko huko juu, akizunguka pamoja nao katika nguzo zao. Aliyoyaona aliyaandika mwaka 1972. Ndege mzito asiyepiga mabawa hatumii nguvu nyingi, na ndiyo maana tumbusi huweza kutafuta mizoga mbali sana na kiota chake, akiwafuata nyumbu wanaohama.

Sasa mwavuli. Msifikiri ni mwavuli wa mvua. Ni bawa la kitambaa, refu kama chumba cha darasa na zaidi, lililoshonwa kwa vifuko vingi vilivyo wazi upande wa mbele. Hewa huingia katika vifuko hivyo, navyo huvimba, na bawa hushika umbo lake. Chini yake zinaning'inia kamba nyembamba nyingi, na mwisho wa kamba ni kiti. Mtu anakimbia mteremkoni, bawa linainuka juu ya kichwa chake, miguu inaacha ardhi. Mchezo huu ulipata nguvu Ufaransa mwaka 1978, katika kijiji cha milimani kiitwacho Mieussy. Hapa Afrika Mashariki watu huruka zaidi kutoka ukingo wa Elgeyo karibu na Iten, mji unaojulikana duniani kwa wakimbiaji. Ukingo uko juu kiasi cha mita 2,400 kutoka usawa wa bahari. Ukitazama chini unaliona bonde la Kerio, zaidi ya mita 1,000 chini ya miguu yako.

Mwavuli hauna injini. Katika hewa iliyotulia hushuka kiasi cha mita 1 kwa sekunde huku ukienda mbele mita 10 kwa sekunde. Fanyeni hesabu: kama mrukaji ameingia katika hewa inayopanda mita 3 kwa sekunde, naye anashuka ndani yake mita 1, je, anapanda au anashuka?

(Tunanyamaza.)

Anapanda mita 2 kwa sekunde. Vizuri. Na kama hewa inapanda mita 1 tu? Hapandi wala hashuki. Na kama hewa yenyewe inashuka mita 3? Anashuka mita 4 kwa sekunde, na bonde linamjia mbio.

Hapa mzee wa Ngokolo atauliza: Je, mtu mwenyewe hasikii mwilini kwamba anapanda? Hasikii. Panda basi, funga macho. Basi likiondoka unasikia. Likipiga breki unasikia. Lakini likiwa katika mwendo mmoja, lami ikiwa nzuri, huwezi kusema linakwenda kasi gani. Mwili hutambua mabadiliko ya mwendo, haumtambui mwendo wenyewe. Mrukaji aliye mita 800 juu ya bonde hana mti wala ukuta karibu wa kulinganisha. Huweza kuwa anapanda naye akadhani anashuka, na huweza kuwa anashuka naye akafurahi. Ndiyo sababu ya chombo.

Chombo hiki huitwa variometa. Kazi yake ni moja: kumwambia mtu anapanda au anashuka, na kwa kasi gani. Kinafanya kazi hiyo kwa kupima uzito wa hewa.

Ndiyo, hewa ina uzito. Aliyesafiri kutoka Dar es Salaam kuja Shinyanga na pakiti ya bisikuti iliyofungwa barabara ameona kwamba ikifika huku huvimba. Na aliyekunywa maji Shinyanga, akaifunga chupa tupu ya plastiki, akafika nayo Dar es Salaam, ameikuta imebonyea kana kwamba imekaliwa. Hakuna aliyeikalia ila hewa. Sisi tulio juu, zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, tuna hewa chache zaidi juu ya vichwa vyetu kuliko watu wa pwani. Kwa hiyo hewa yetu inagandamiza kidogo kuliko yao.

Jambo hili lilithibitishwa Ufaransa tarehe 19 Septemba 1648. Mtaalamu Blaise Pascal alimwomba shemeji yake, Florin Périer, apande mlima Puy de Dôme akiwa na bomba la kioo lenye zebaki. Chini ya mlima zebaki ilisimama juu zaidi katika bomba. Kileleni ilishuka. Périer alistaajabu, akarudia kipimo mara kadhaa. Mwenzake aliyebaki chini na bomba lingine aliona zebaki yake haikusogea kutwa nzima. Basi ikajulikana kwamba anayejua kupima mgandamizo wa hewa anajua kupima urefu wa kwenda juu.

Tuandike hesabu ubaoni. Mgandamizo hupimwa kwa kipimo kiitwacho hektopaskali. Baharini ni kiasi cha 1,013. Hapa Shinyanga ni kati ya 880 na 890. Kileleni Kilimanjaro, mita 5,895, ni karibu nusu ya ule wa baharini. Sasa shikeni hii, maana tutaitumia mpaka mwisho: hapa kwetu, kila ukipanda mita 10, mgandamizo hupungua hektopaskali 1 hivi. Pwani hupungua hektopaskali 1 kila mita 8 na nusu, kwa sababu hewa ya kule ni nzito. Iten, hewa ikiwa nyepesi zaidi, huhitaji mita 11. Mtengenezaji asiyejua jambo hili atapima Iten kwa rula ya Mombasa.

Fundi wetu alipoyasikia haya alisema, "Kumbe kazi rahisi." Nikamwambia angoje.

Mrukaji anapanda mita 1 kwa sekunde. Mgandamizo umepungua sehemu 1 ya kumi ya hektopaskali, katika 885. Maana yake ni sehemu 1 katika sehemu 9,000, karibu. Fikirini mizani ya kupimia pamba. Umetundika gunia la kilo 90. Mizani yetu hii inatakiwa kuona kwamba mtu amechomoa gramu 10, pamba ya kujaza kiganja, tena ione hivyo kwa muda wa sekunde moja huku gunia likitikiswa na upepo. Wakulima mnaonisikiliza mnajua mizani isiyosema kweli inavyomaliza msimu wa mtu. Ya mrukaji humaliza zaidi ya msimu.

Hata hivyo mizani hiyo ipo, tena ni ndogo kuliko punje ya mahindi. Ni kipande kiitwacho kipimio cha mgandamizo. Ndani yake mna kijichumba kilichotolewa hewa yote, kikafunikwa na utando mwembamba wa silikoni. Hewa ya nje ikizidi kugandamiza, utando hubonyea zaidi. Ikipungua, utando huinuka. Juu ya utando pamechorwa njia za umeme, na njia hizo zikipindwa upitaji wa umeme hubadilika. Kipimio kinachopendwa na watu wanaojitengenezea variometa, kiitwacho MS5611, huweza kutambua tofauti ya sentimita 10. Mita 1 ni mbali kwake.

Mimi na yule fundi tuliamua kutengeneza chombo chetu. Sababu ya kwanza ni aibu yangu ya lile jibu la mbio. Sababu ya pili ni rafiki yangu mmoja niliyesoma naye chuoni, ambaye siku hizi yuko Kenya na anajifunza kuruka Iten. Chombo cha dukani ni ghali kwake. Akasema tukitengeneza atakijaribu, ila atakifunga kando ya chombo cha mwalimu wake, hatakitegemea. Nikakubali kwa sharti hilo hilo. Mtu asipande hewani akiwa na chombo kimoja tu kilichotengenezwa na afisa elimu.

Vipande viliagizwa Dar es Salaam vikaja kwa basi: kipimio, kompyuta ndogo ya ubao mmoja, upana wake vidole viwili, spika ndogo bapa inayolia kama saa ya kuamshia, betri ya simu iliyotumika, na waya. Kasha letu lilikuwa kisanduku cha sabuni. Fundi aliunganisha viungo kwa risasi jioni moja, akiwa mezani kwake, na mikono yake haikutetemeka. Mimi niliandika maagizo ya kompyuta. Hapo ndipo taabu ilipoanza.

Tuliweka chombo mezani, kimetulia kabisa, tukakiomba kitupe vipimo kumi kwa kila sekunde. Hivi ndivyo vipimo sita vya kwanza, kwa sentimita, juu au chini ya meza. Andikeni: juu 20, chini 10, juu 10, chini 20, juu 30, chini 30.

(Tunanyamaza.)

Meza haikusogea. Lakini kipimio kina wasiwasi wake, kama mtu mwenye mkono unaotetemeka anayejaribu kuchora mstari. Tazameni kipimo cha kwanza na cha pili. Kutoka juu 20 mpaka chini 10 ni sentimita 30, kwa muda wa sehemu moja ya kumi ya sekunde. Tukikiamini, chombo kitalia kwamba tunaanguka mita 3 kwa sekunde, na kumbe kiko mezani pamoja na chai.

Dawa ya kwanza ni wastani. Jumlisheni vyote sita: 20 toa 10 ni 10, ongeza 10 ni 20, toa 20 ni sifuri, ongeza 30, toa 30. Sifuri. Kweli imetokea. Ukichukua vipimo vingi na kutafuta wastani wake, mtetemeko hujifuta wenyewe.

Basi fundi akasema tuchukue wastani wa sekunde 4, chombo kitulie kama maji mtungini. Tukafanya hivyo. Kilitulia kweli. Tukakipandisha ngazi za nyumba moja ya ghorofa mjini, tukafika juu, tukasimama, tukavuta pumzi, na hapo ndipo kikaanza kulia kwa nguvu kwamba tunapanda.

Mnaona? Wastani wa sekunde 4 hukupa habari ya sekunde 2 zilizopita. Kwa mtu wa ngazini ni kichekesho. Kwa mrukaji anayekwenda mita 10 kwa sekunde ni mita 20. Nguzo ya hewa inayopanda pengine ina upana wa mita 50 tu. Akiambiwa "geuka hapa", "hapa" iko nyuma yake. Tena kama anaruka kando ya ukuta wa mawe wa Elgeyo, na kengele ya kupanda inamfikia akiwa amekwisha kuiacha hewa nzuri na kuingia katika hewa inayoshuka, atageukia ukuta akitafuta kitu ambacho hakipo tena. Kwa sababu hii siwezi kuiita kazi hii mchezo wa vijana. Chombo kinachochelewa kinasema kweli, lakini ni kweli ya jana.

Tulikaa na tatizo hili wiki nyingi. Ukipunguza wastani, kinatetemeka na kudanganya. Ukiongeza wastani, kinachelewa. Hakuna namba ya katikati isiyo na dhambi.

Wataalamu wanatumia njia iliyoandikwa na Rudolf Kalman mwaka 1960, mtu aliyezaliwa Hungaria na kufanya kazi Marekani. Nitaieleza bila hesabu. Unaongeza kipimio cha pili, kiitwacho akselerometa, ambacho hutambua msukumo, kama mwili wako unavyosikia basi likiondoka. Hicho ni chepesi sana, hakichelewi. Lakini kina tabia ya kupotoka kidogo kidogo, na usipokisahihisha, baada ya dakika chache kitaapa kwamba uko mwezini. Sasa una wajumbe wawili. Mmoja ni kijana mwenye mbio, analeta habari sasa hivi lakini anatia chumvi. Mwingine ni mzee mwangalifu, anachelewa lakini hapotoki. Njia ya Kalman ni kumsikiliza kijana kwa habari ya papo hapo, na kila mara kumrekebisha kwa maneno ya mzee, kila mmoja akipewa imani kwa kadiri ya makosa yake yanayojulikana. Baraza lolote zuri hufanya hivyo. Kompyuta hulifanya mara nyingi kwa sekunde.

Tuliongeza akselerometa. Chombo kikawa hodari. Tukakitoa nje kufurahi, saa 6 mchana, kasha likiwa wazi ili watu waone ndani.

Kikaanza kulia ti-ti-ti-ti kana kwamba kinapaa kwenda Mwanza.

Tukakirudisha ndani, kikanyamaza. Tukakitoa nje, kikalia. Fundi alikagua viungo vyote. Mimi nilisoma maagizo yangu mstari kwa mstari. Jumapili mbili zilikwenda hivyo. Nilianza kusema ni joto, fundi akasema ni upepo, tukabishana mbele ya wanafunzi wetu, jambo lisilofaa. Kumbe mama mmoja wa darasa, anayeuza dagaa, alikuwa amesimama kututazama. Aliinama ili aone vizuri, na kanga yake ikatia kivuli juu ya chombo. Kikanyamaza. Akainuka, kikalia. Akainama tena, kikanyamaza. Akasema, "Ninyi wasomi, kitu chenu hakitaki jua."

Na ndivyo ilivyo. Silikoni ile ile inayopindwa na hewa huamshwa na mwanga pia, kama ile ya vibao vya umeme wa jua vilivyo juu ya mapaa yenu. Jua likikipiga kipimio moja kwa moja, kipimo huruka. Karatasi ya kiwanda inalisema jambo hili. Mimi sikuisoma mpaka mwisho. Dawa yake ni kipande cha sifongo nyeusi juu ya kipimio: huzuia mwanga, huruhusu hewa, tena huvunja nguvu ya upepo usiingie kwa kishindo. Kasha likafungwa, likaachwa na tundu dogo upande usiotazama mbele. Darasa la Ngokolo liliita sifongo ile kanga, na jina hilo limebaki.

Kuhusu sauti niseme kidogo. Mrukaji hatakiwi kutazama chombo. Macho yake ni ya kutazama wenzake, ukuta na mawingu. Kwa hiyo chombo huzungumza. Akipanda polepole husikia ti, ti, ti, kwa nafasi. Akipanda kwa kasi, sauti huwa nyembamba na ya haraka. Akishuka sana husikia mlio mmoja mzito usiokatika. Na katikati ni kimya. Kimya kile kilitushinda kukipima. Fundi alitaka chombo kilie hata kwa sentimita 5. Mimi nilitaka kimya zaidi, kwa sababu chombo kinacholia kila wakati hakisikilizwi, kama mtu anayelalamika kila siku. Tulikubaliana kianze kulia anapopanda sentimita 20 kwa sekunde.

Tahadhari moja kwa watakaojaribu. Katika nchi zetu za joto mgandamizo wa hewa hupanda na kushuka kila siku kwa saa zake, kama bahari ya pwani inavyojaa na kupwa. Huwa mkubwa yapata saa 4 asubuhi, na mdogo yapata saa 10 alasiri, kwa tofauti ya hektopaskali 3 hivi. Kwa hiyo chombo kilichoachwa mezani Ngokolo tangu asubuhi kitasema alasiri kwamba meza imepanda mita 30. Hakitalia, kwa kuwa mita 30 kwa saa 6 ni mwendo wa konokono. Lakini urefu kitakaousoma ni wa uongo. Mrukaji lazima akiweke sawa pale pale anaporukia, kila siku. Vyombo vya kisasa vina pia kipokezi cha setilaiti, kinachosaidia kusahihisha urefu na kuonyesha upepo unampeleka mtu wapi.

Sasa swali lililonigusa zaidi. Katika darasa lile yupo mtu aliyepata kuchimba dhahabu upande wa Geita, katika maduara ya wachimbaji wadogo. Siku hizi ana genge la mboga. Alituona tukikishusha chombo kwa kamba katika kisima kikavu, kikaonyesha kwamba mgandamizo unaongezeka, kama inavyotakiwa. Akauliza, "Nikiingia nacho duarani mita 60, kitaniambia niko mita ngapi?" Nikasema ndiyo, mgandamizo utazidi kwa hektopaskali 6 hivi, nacho kitajua. Akauliza tena, taratibu, "Kitaniambia kama hewa ya huko imeharibika?"

Nikamjibu hapana. Akainamisha kichwa. Baadaye nilielezwa kwamba alimpoteza mwenzake hivyo.

Nataka jibu hili lisikike vizuri na kila anayenisikiliza huko Geita, Kahama na kwingineko. Variometa hupima hewa inagandamiza kiasi gani. Haijui hewa hiyo ni ya namna gani. Moshi wa injini ya pampu iliyowekwa ndani ya duara au mdomoni pake una gesi ya kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu. Mtu huumwa kichwa, hulegea, huanguka. Na anayeshuka kumwokoa bila kujikinga huanguka juu yake. Moshi wa baruti nao una sumu. Gesi hizi zina vipimio vyake vya pekee, ambavyo havihusiani na hiki chetu. Mtu akikuuzia kisanduku cha kupima mgandamizo akasema kitakulinda duarani, anakuuzia kifo. Injini ikae mbali na mdomo wa duara, hewa safi ipulizwe ndani kabla ya mtu kushuka, na mwenzako akianguka chini usimfuate mbio mbio. Somo zima la jambo hili litakuja. Nimekwisha kuliombea nafasi.

Turudi Iten kumaliza habari. Wakati mzuri wa kuruka kule ni miezi ya ukame, hasa Januari na Februari. Rafiki yangu alikifunga kisanduku chetu cha sabuni pajani, na chombo cha mwalimu wake kando yake. Aliruka mara tatu. Aliandika kwamba katika hewa inayopanda vyombo vyote viwili vililia karibu pamoja, chetu kikichelewa kidogo sana. Katika hewa inayoshuka chetu kilipiga kelele mapema mno, hata akakizima mara ya tatu kwa kuchoshwa. Fundi aliisoma barua hiyo mara mbili. Akasema, "Mwalimu, ulikuwa na haki juu ya kimya, lakini kwa upande wa kupanda tu. Upande wa kushuka tuliusahau." Tumebadilisha namba: mlio wa kushuka sasa unaanza mtu anaposhuka zaidi ya mita 2 kwa sekunde. Chombo kimerudi Kenya kwa basi jingine, kikiwa na sifongo mpya.

Mzee wetu wa Ngokolo nilimpelekea jibu mwenyewe. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza kama tumbusi naye ana utando wa namna ile ndani yake. Nikamwambia kwamba ngozi, manyoya na masikio ya ndege vinasikia mengi tusiyoyasikia, naye huwatazama wenzake: mmoja akipanda, wengine humfuata. Warukaji wa Iten nao hufanya hivyo hivyo. Wakiona ndege wanazunguka mahali, huelekea huko hata kama chombo kimenyamaza.

"Basi," akasema mzee, "hata wao wanamtegemea tumbusi."

Haya, kazi ya darasa. Mwalimu wa darasa aandike ubaoni.

Swali la kwanza. Chombo kimesoma hektopaskali 884 chini ya kilima, na 881 juu ya kilima, kwa muda wa dakika moja. Kilima kina urefu wa mita ngapi, na aliyepanda alikwenda sentimita ngapi kwa kila sekunde?

Swali la pili. Mchimbaji yuko duarani. Chombo kinasema mgandamizo umezidi kwa hektopaskali 4. Yuko mita ngapi chini? Kisha mwandike sentensi moja, kwa mkono wenu wenyewe: ni kitu gani chombo hicho hakikumwambia?

Majibu yaletwe kwa mwalimu wa darasa kabla ya Alhamisi. Tutayasoma hapa hapa redioni, saa 11 jioni.